Pengo

Watoto wa bonde la Bartang hawaniulizi kama sindano itauma.
Wanauliza jino langu lilikwenda wapi.
Pembe ya jino la juu, upande wa kushoto:
niliiacha juu ya titani
usiku wa kumshona Davlatmo, mchunga mbuzi,
mikono yote miwili jerahani, tochi kinywani,
mtu akanipiga kikumbo gizani.
Tochi haikupata hata mkwaruzo.
Nikatema kipande, nikaendelea na uzi wa saba.

Sifa zake ni nyingi. Gramu sabini na mbili,
nyepesi kuliko funguo za zahanati.
Ilizama mtoni mara mbili, nikaiopoa
ikiwa ingali inawaka chini ya maji kama jicho la samaki.
Damu haiitii kutu; naiosha kwa klorini
pamoja na mkasi na koleo.
Na mwezi wa kwanza, kwa baridi ya kupasua mawe,
haing'ang'anii mdomo
kama ile ya kwanza, ya chuma,
niliyoinunua sokoni Khorog kwa bei ya mikate minne,
iliyobanduka na ngozi yangu kama stempu.

Ile ya kwanza. Haya, nitaisema.

Mwanga wake ulikuwa mweupe wa kuelekea buluu,
mkali, wa kujisifu.
Umeme umekatika tangu poromoko la theluji la juzi,
na Nuqrabegim, katika nyumba ya nguzo tano,
akajifungua mtoto wa kiume.
Nikammulika: buluu. Nikammulika mama: buluu.
Ukuta buluu, maziwa ya chai buluu, kucha zangu buluu.
Wote tulifanana na maiti, basi nikatuona wote wazima.
"Rangi nzuri," nikasema.
Kwa kinywa hiki hiki.

Kukapambazuka. Nuru ikashuka kwa dirisha la darini,
nuru ya Mungu, ya bure,
ikamwangukia usoni,
nikaona nilichopaswa kukiona saa tano kabla.

Baba yake, Imomnazar, alikuwa Urusi akipakua saruji.
Nilianza kumwandikia mara tatu.
Mara tatu nikawashia jiko.
Mwezi wa tano, barabara ilipofunguka,
dereva akaniletea bahasha nene yenye jina langu.
Nikajua ni laana. Ningeipokea; ilikuwa haki yake.
Ndani mlikuwa na soksi, na ndani ya soksi tochi,
ya kijivu, tupu, isiyo na urembo,
na karatasi yenye mwandiko wa mkono uliozoea beleshi:

*Mwenye duka anasema chini ya mwanga huu
chekundu huonekana chekundu.
Nimemuuliza mara mbili.*

Basi. Hata salamu hakuna.

Siwahesabu waliozaliwa chini yake;
mkunga anayehesabu huita kijicho.
Nasema tu kwamba wawili walitoka na rangi ya jivu,
nikaiona,
nikapuliza, nikasugua migongo, nikapuliza,
hadi rangi ikapanda kama chai inavyopanda kwenye mkate.

Mmoja wao ni Rukhshona, wa nyumba ile ile ya nguzo tano.

Leo ana miaka minne. Nimekuja kumpima bibi yake presha.
Ameichomoa tochi mfukoni mwangu,
ameiwasha, ameifunika kwa kiganja,
na vidole vyake vimewaka kutoka ndani
kama makaa yaliyopulizwa.
"Tazama," ananiambia, "nimejaa nyekundu!"

Mama yake anakanda unga, ametupa mgongo.
Mikono yake inasimama kidogo, kisha inaendelea.

Betri imebaki mstari mmoja,
na usiku kuna mtu wa kuvukiwa mto.
Ningepaswa kusema izime.
Nampa na kiganja changu aone.